Mashine ya Kukimbilia na Magoti Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana! Nawaona wengine mmeitikia huku mnanitazama magoti, maana habari imefika kanisani kabla yangu. Basi leo nitawaeleza mwenyewe. Nitajitahidi kwenda kwa mpangilio, lakini mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe lilinichanganya tangu mwanzo, na mpaka leo kuna sehemu sijazielewa.

Kwa wageni, mimi ni Mama Atupele. Nauza vitenge pale karibu na mpaka. Kwetu ni Mbebe, ila nimeolewa kwa kina Simwinga wa Ndalambo, mwaka wa ishirini na mbili huu. Kazi yangu ni kukaa. Nakaa asubuhi, nakaa mchana, mteja akitaka kitenge cha juu nampa fimbo ashushe mwenyewe. Nikirudi nyumbani nakaa tena, nachambua mboga. Watu wakiniambia nimependeza, maana yake nimenenepa, na mimi nilikuwa nafurahi!

Ndugu zangu, furaha hiyo iliishia zahanati. Nilikwenda kwa ajili ya kichwa kuuma. Daktari akanipima presha mkono wa kulia, akanipima wa kushoto, akarudi wa kulia. Akanipima na sukari. Halafu akaniuliza mama yangu alikufa kwa nini, na mimi nikaanza kulia palepale kwenye kile kitanda chenye mpira.

Wengi hapa mlimjua mama. Kiharusi kilimlaza upande mmoja akiwa na umri huu huu nilio nao. Miaka minne nilimlisha kwa kijiko. Alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la viazi kupanda mlima, akawa hawezi kujifuta mdomo. Nilipomzika nilimwomba Mungu jambo moja tu: Atupele wangu asije akanilisha mimi kwa kijiko. Na sasa daktari ananiambia njia ni ile ile.

Akanipa vidonge. Akaniambia na kutembea: nusu saa kila siku, haraka haraka, bila kusimama. Nirudi baada ya miezi mitatu aone. Alirudia mara mbili hilo neno la bila kusimama. Nikasema hilo jambo dogo, miguu ninayo.

Ndugu zangu, halikuwa dogo! Ninyi mnaijua heshima yetu. Mimi nimelelewa na nimeolewa mahali ambapo mwanamke akikutana na mzee anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anasalimia, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za waliolala, na yeye anauliza zote hizo kurudisha. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka nafika pale kwenye foleni ya malori nilikuwa nimepiga magoti mara tisa. Jasho hakuna. Magoti yana vumbi.

Siku ya pili nikasema leo nakaza mwendo, sitazami mtu. Lo! Kwetu mwanamke anayetembea haraka asubuhi, hana mzigo, hasalimii, huyo amepata msiba. Mama mmoja aliniona akajifunga khanga kiunoni akanifuata. Wa pili akamwona wa kwanza, naye akajifunga. Kufika kwenye kona nageuka, nina kina mama watano nyuma yangu, mmoja ameshaanza kulia, wananiuliza, "Mama Atupele, ni nani? Ni Baba Atupele?" Ikabidi nikae nao barabarani nusu saa nzima kuwaeleza kwamba hakuna aliyekufa. Wawili kati yao wamekaa hapo mbele, naona wanajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo.

Ndipo likaja wazo la mashine. Binti yangu Atupele anasoma Mbeya, akanipigia akasema kuna mashine ya kukimbilia, unaiweka sebuleni, unapanda, mkanda unarudi nyuma na wewe unakwenda mbele, lakini hufiki popote. Nikamwambia, mwanangu, sasa faida ya kwenda mahali usipofika ni nini? Akacheka. Lakini nililala nikiwaza: sebuleni hakuna wa kumpigia magoti.

Nikaanza kuuliza. Hapo ndipo nilipoingia kwenye giza, ndugu zangu. Huyu anakwambia chukua ya umeme, yule anasema ya umeme ukikatika utaanguka, chukua ya kusukuma kwa miguu yako mwenyewe. Mwingine anasema angalia urefu wa mkanda. Mwingine angalia kama inapanda mlima. Mlima gani tena ndani ya sebule? Mwingine akanitumia picha kumi na nne kwenye simu, zote nyeusi, zote zinafanana, kila moja ina maandishi ambayo sikujua ni Kiingereza au ni namba za magari. Nikafunga siku mbili, chakula sili, namwomba Mungu anionyeshe mashine. Hakunionyesha. Mdomo wa kuuliza vizuri alikuwa ameshanipa, na mimi nikautumia vibaya, kama mtakavyosikia.

Mume wangu, Baba Atupele, ndiye aliyejiona anajua. Yeye amekulia kwenye mashine ya kusaga. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa na mashine ya kusaga Ndalambo miaka mingi. Basi Baba Atupele kila kitu chenye mota anakipima kwa hospawa, ile nguvu ya mota. Tukavuka mpaka, ng'ambo kwa Wazambia, Nakonde, kwenye duka moja la vifaa. Muuzaji akatuonyesha mashine ya kwanza, hospawa mbili. Mume wangu akacheka. "Mbili? Hii si hata ya kukobolea mpunga wa wagonjwa!" Yule muuzaji naye akaona huyu ni mteja wa namba kubwa, akatupeleka kwa nyingine, kubwa, ina mwanga wa bluu kama baa, ubavuni imeandikwa nne. Akaipiga kofi. "Iyi ya maka, bamayo! Ya maka sana, mukwai!" Maka ni nguvu, bamayo ni mama, na mukwai ni neno la heshima. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama aliyekuta ndugu yake.

Halafu muuzaji akauliza swali moja tu la maana siku ile. Akauliza, "Atakayepanda ana kilo ngapi?"

Ndugu zangu, naungama mbele zenu. Dukani kulikuwa na watu. Kulikuwa na wasichana wawili wembamba kama fimbo yangu ya kushushia vitenge. Nikafungua mdomo nikasema, "Sabini na mbili."

Baba Atupele akatazama dari. Mimi nilikuwa na tisini na nne! Nilikuwa nimepimwa wiki ile ile, karatasi iko kwenye mkoba, na mkoba uko begani. Muuzaji akanitazama kidogo, akatazama mkoba, akasema sawa mukwai, hii itakufaa.

Ikaja nyumbani. Ilijaza sebule kuanzia kwenye runinga mpaka karibu na ukuta wa nyuma, na pale nyuma, badala ya kuachia nafasi, kulikuwa na robota la vitenge ambalo nilimwambia mume wangu aliondoe. Nilimwambia Jumamosi. Nilimwambia Jumapili baada ya ibada. Jumatatu nikamgombeza kabisa. Hakuliondoa. Likumbukeni hilo robota.

Vitufe ishirini na kitu. Kimoja kina picha ya moyo, nikakiogopa. Kingine kimeandikwa P, halafu tatu. Sikujua. Kulikuwa na kitu chekundu, kina sumaku, unakibandika pale mbele ndipo mashine iwake. Kitu hicho kina kamba, na mwisho wa kamba kuna kibanio. Mimi ni mtu wa vitambaa, ndugu zangu. Nikiona kibanio najua kinabana kitambaa. Nikasema, ona Wachina walivyo na akili, wameweka hadi kibanio cha kitambaa cha jasho! Nikabana taulo langu dogo hapo, likaning'inia kwenye mkono wa mashine, nikaona pamekaa kistaarabu.

Siku ya kwanza nilipanda, mkanda ukasitasita chini ya miguu yangu, ukavuta, ukasita. Baada ya dakika kumi nikasikia harufu ya kuungua. Nikashuka nikaikemea! Kweli, niliikemea mashine. Nikaiwekea mikono nikaamuru kila roho ya kusitasita itoke. Siku ya pili ikasita vilevile. Nikajua mimi ndiye sina imani. Nilichanganyikiwa kiasi kwamba nilikuwa nasali nikiwa nimeiangalia mashine kwa jicho moja.

Jumanne asubuhi, nimepanda. Nimevaa kitenge changu, nimekifunga vizuri, mlango uko wazi hewa iingie, naimba. Nilikuwa nimeizoeazoea, nikaiongeza mwendo. Sikuwa na habari kwamba baba mkwe amefika na basi la kwanza kutoka Ndalambo, anakuja kuonyesha macho kwa daktari. Nikasikia kikohozi mlangoni. Kile kikohozi! Miaka ishirini na mbili nakijua. Nikainua macho, namwona amesimama, kofia mkononi.

Ndugu zangu, nisingeweza kufanya kitu kingine. Mwili wenyewe ulifanya. Nikapiga magoti!

Nilipiga magoti juu ya mkanda unaokwenda! Mikono yangu ilikuwa imeshakutana kupiga makofi, sikushika chochote. Niliona runinga inakimbia mbali nami. Mashine ikanitupa nyuma, magoti yanaungua, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa tofali. Sikuufikia ukuta. Nilipigwa na robota. Mgongo wangu na kisogo changu viliingia kwenye vitenge laini mia na kitu, kwa sababu ya uvivu wa Baba Atupele! Mungu alitumia uvivu, ndugu zangu. Toka siku hiyo nina adabu ninapogombeza.

Lakini haikuishia hapo. Mashine haikusimama. Kile kibanio kilikuwa kimebana taulo, na taulo limetulia kwenye mkono wa mashine, halina habari. Pindo la kitenge changu likaingia pale nyuma, kati ya mkanda na roli. Likaanza kuvutwa. Kitenge nilikuwa nimekifunga kwa fundo, na juu yake mkanda wa nguo. Kikanibana tumbo, kikanivuta, miguu inarudishwa kwenye mkanda unaounguza. Nilipiga kelele jina la Yesu. Hata sikumaliza jina. Nilimwona mama yangu kitandani, ninawaambia ukweli, nikasema ndiyo hii, nimekimbia kiharusi nimekuja kufia kwenye dawa yake.

Baba mkwe ana miaka zaidi ya sabini. Macho yake ndiyo hayo aliyokuja kuonyesha. Mashine ile hajawahi kuiona. Lakini mkanda anaujua. Miaka yote ya kusaga alikuwa akiwafukuza watu wenye nguo za kupepea wasikaribie mkanda, na aliwahi kuona gunia linavyomezwa. Hakunikimbilia mimi. Hakuigusa mashine. Aliufuata waya kwa macho mpaka ukutani, akaenda moja kwa moja, akaung'oa.

Mkanda ukasimama. Nasikia jogoo wa jirani tu.

Kisha akaja akanishika mkono akaniinua. Mnaelewa ninachosema? Baba mkwe wangu! Kwetu mkwe na mkamwana hawagusani. Sipeani naye hata kikombe mkono kwa mkono, naweka mezani, natoka, naye anachukua. Miaka ishirini na mbili sikuwahi kujua kama mkono wake ni wa baridi au wa moto. Ni wa moto, ndugu zangu. Tulikaa chini wote wawili, mimi kwenye robota, yeye kwenye kiti cha plastiki, tukalia. Sijui yeye alilia kwa nini. Mimi nililia kwa magoti, kwa aibu, kwa mama yangu, kwa kila kitu.

Baada ya muda akaitazama ile mashine. Akaizunguka kama anavyozunguka ng'ombe wa kununua. Akauliza, "Mwanangu, mkanda huu unabeba kilo ngapi?"

Ilikuwa imeandikwa pale chini, maandishi madogo, mwisho kilo tisini. Nikamsomea. Akauliza, "Na wewe?"

Jamani! Mnafikiri nilijibu? Nilitazama chini nikasema nitafikiria. Alikuwa amenisamehe kabla sijajibu, naona, kwa sababu akaendelea kusema jambo lililonichanganya kuliko hospawa zote. Akasema, "Kuanzia leo, ukiwa juu ya mashine usinipigie magoti. Nisalimie ukitembea."

Nikasema, Baba, haiwezekani. Akasema inawezekana. Nikasema watu wataniona sina adabu. Akasema adabu anaipokea yeye, na yeye ndiye anayesema. Sikulala vizuri kwa kutoelewa. Mtu anakupa ruhusa ya kufanya kitu ambacho mama yako alikuchapa usikifanye, utafanyaje?

Siku mbili baadaye, magoti yana bandeji, tukaifunga mashine kwenye gari tukavuka nayo tena Nakonde. Safari hii baba mkwe alikuja. Dukani walikuwepo watu wengi kuliko mara ya kwanza. Muuzaji alipotuona akaanza kuipiga kofi nyingine kubwa zaidi. Baba mkwe akainua mkono. Akanitazama mimi.

Nilisimama pale, ndugu zangu. Mume wangu ameshaanza kutazama dari. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi nina kilo tisini na nne! Nina presha na sukari. Nataka kutembea, sitaki kukimbia. Sijui chochote kuhusu mashine hizi. Naomba unieleweshe!"

Mbele ya baba mkwe! Nilitegemea dari ianguke. Haikuanguka. Mama mmoja Mzambia aliyekuwa ananunua feni akasema, "Na ine, bamayo, mia na mbili!" Yaani na yeye pia. Tukacheka sote mpaka yule muuzaji akakaa.

Na kumbe yule muuzaji alikuwa anajua kazi yake! Tatizo tulimpa namba za uongo. Akatueleza kwamba ile nne ya ubavuni ni nguvu ambayo mota inaifikia kwa kustuka mara moja tu. Nguvu ya kuangalia ni ile ambayo mota inaweza kudumu nayo muda wote, na kwa mashine yetu hiyo ya kudumu ilikuwa ndogo kuliko hata ya ile tuliyoicheka. Kwa mtu wa kutembea hospawa mbili za kudumu zinatosha kabisa. Baba Atupele akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Muuzaji akasema uzito ulioandikwa uzidi wako kwa kilo ishirini au thelathini, usilingane nao, ndiyo maana ile ilikuwa inasita na kunuka. Maskini, na mimi nilikuwa naikemea! Akasema mkanda mrefu ni wa wanaokimbia kwa hatua ndefu, mimi unanitosha wa kati, ila uwe mpana. Mikono ya kushikia iwe mirefu, ianzie mbele ije mpaka ubavuni. Kitufe cha kusimamisha kiwe kikubwa, chekundu, unakiona bila miwani. Nyuma ya mashine paachwe wazi hatua mbili au zaidi, hata kama mimi niliokolewa na robota. Na mafuta ya chini ya mkanda yana chupa yake maalumu. Siyo ya alizeti, msinicheke.

Halafu akachukua kile kibanio akaniuliza nilikuwa nakitumiaje. Nikamwambia. Akakibana kwenye nguo yangu, hapa ubavuni, akaniambia nirudi nyuma. Nikarudi hatua mbili, kamba ikavuta, kile chekundu kikachomoka, mashine ikafa. Kumbe kazi yake ni kunishika mimi nikianguka! Nilikuwa nimeufunga wokovu wangu kwenye taulo.

Tukaongeza kidogo tukabadilishana. Mashine niliyonayo sasa ni ndogo, haina mwanga wa bluu, haivutii. Navaa suruali ya mazoezi, ndani ya nyumba yangu, na baba mchungaji anajua. Asubuhi ya kwanza napanda, nimebana kibanio, natembea. Nikasikia kikohozi mlangoni. Magoti yakaanza kujikunja yenyewe! Na baba mkwe, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alinguruma kutoka mlangoni, "Tembea!"

Nikatembea. Nikamsalimia nikitembea. Nikamuuliza habari za Ndalambo, za waliolala, za mahindi, za ng'ombe, zote, na yeye akaziuliza zangu zote, na nusu saa ikaisha sijasimama. Alikaa kwetu wiki tatu za matibabu ya macho, na kila asubuhi alikuja kunikoholea.

Wiki iliyopita nilirudi kwa daktari. Akapima kulia. Akapima kushoto. Hakurudia. Akaniambia, "Mama, unafanya nini?" Nikaanza kumweleza, akasema kuna wagonjwa wengine. Imeshuka, ndugu zangu! Sukari nayo imeshuka! Vidonge sijaacha, na wewe usiache mpaka daktari aseme. Lakini natembea. Na ile P tatu bado sijui inafanya nini, na sasa siogopi kusema sijui.

Kwa hiyo namshukuru Mungu aliyenilaza kwenye robota. Namshukuru kwa macho mabovu yaliyouona waya. Na wewe uliyekaa hapo, unaumwa na unasema uko salama, umeulizwa na unataja sabini na mbili, nakusihi, mtumaini Bwana, sema namba yako. Hataanguka kwa mshangao, alikuwa anaijua. Sema ndipo usaidiwe.

Nimalizie. Baba mkwe alikuja tena kwetu jana na miwani mipya, amekaa pale benchi la tatu, ananiona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Baba, najua ulichoniagiza, na nimekitii kila asubuhi. Lakini naomba unipe nafasi nishuke hapa madhabahuni nije nikusalimie inavyotakiwa, kwa magoti yote mawili na makofi, maana hapa sakafu imetulia.